Siku Niliyoulizwa Jina Langu



Wiki chache zilizopita frateri mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata baada ya chakula cha jioni, tukatembea hadi uwanja wa mpira. Alizunguka sana. Akauliza habari za mitihani, akauliza hali ya mama, akasifia mvua. Mwishoni akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, nimesikia uliwahi kwenda kwa mwanasaikolojia. Ukifika kule, wanakufanyia nini?"

Usiku ule nilimjibu kwa kifupi. Jibu refu ni hili, na nimeliandika kwa sababu najua si yeye peke yake anayelihitaji. Wamo wengine humu seminarini, na wamo wazazi na vijana parokiani ambao wamebeba jambo kwa miaka na hawajui pa kulitua.

Simu ambayo sikuipokea

Nilikuwa katika mwaka wa kichungaji, kwenye parokia moja hapa Singida Mjini. Mdogo wangu, aliyenifuata kuzaliwa, alikuwa anaendesha bodaboda. Jioni moja, nikiwa katika kikao cha walezi wa Utoto Mtakatifu, simu ilitetemeka mfukoni. Nikaona jina lake, nikaikata. Nilijua anachotaka. Wiki nzima alikuwa ananiomba nimsaidie marejesho ya pikipiki, nami nilikuwa nimechoka kuombwa. Nikajiambia nitampigia baada ya kikao. Kikao kikaisha, nikala, nikasali sala ya mwisho wa siku, nikalala.

Saa kumi alfajiri mjomba akanipigia. Mdogo wangu aligongwa na lori usiku ule kwenye barabara ya kwenda Manyoni. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Msibani kila mtu aliniambia neno moja: "Frateri, jikaze. Ukilia wewe, mama yako atamshika nani?" Nikajikaza. Nikaongoza rozari. Usiku wa mkesha nikasoma Injili ya Yohane sura ya 11, habari ya Lazaro, nikawafafanulia watu ufufuko kwa muda mrefu. Kuna mstari mmoja mfupi pale unaosema Yesu alilia. Huo niliuruka. Tulipotoka makaburini, mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Huyu kijana ameiva." Nilijivunia. Dominika iliyofuata nilikuwa altareni kama kawaida.

Mwili wangu ndio uliokataa. Kila siku saa kumi alfajiri, saa ileile ya simu, macho yalifunguka na usingizi haukurudi. Kifua kilibana kana kwamba nimewekewa gunia la vitunguu juu yake. Nilikwenda hospitali nikapimwa malaria, sina. Homa ya matumbo, sina. Moyo, mzima. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo, nikazimaliza, hali ikabaki vilevile. Masifu ya asubuhi nilisali kwa midomo tu.

Jumamosi moja, tukifanya mazoezi ya watumishi wa altare, mtoto mmoja wa darasa la nne aliangusha chetezo na makaa yakamwagika. Nilimfokea. Si kumwonya, nilimfokea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mpaka mtoto akajikojolea mbele ya wenzake. Wiki iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

Baba Paroko aliniita sebuleni. Nilijiandaa kugombezwa.

"Frateri, mdogo wako ulimlilia lini?"

"Nilimwombea Misa, Padre."

"Sikukuuliza Misa."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Kisha akaniambia yupo mwanasaikolojia hapa mjini, na kwamba angependa nimwone, lakini hatanilazimisha.

Hofu zangu tatu

Nilikaa wiki mbili bila kujibu. Hofu ya kwanza ilikuwa seminari. Niliona faili langu mezani kwa Gombera, limeandikwa kwa wino mwekundu. Nilimpigia mlezi wangu wa kiroho, naye akanieleza jambo ambalo kila mseminari anapaswa kulijua. Mwaka 2008 Idara ya Elimu Katoliki kule Vatikano ilitoa mwongozo kuhusu matumizi ya saikolojia katika kuwapokea na kuwalea waseminari. Mwongozo huo unasema msaada wa mwanasaikolojia unaweza kuwa wa manufaa katika malezi, lakini hauchukui nafasi ya malezi ya kiroho. Unasema pia mseminari lazima atoe ridhaa yake mwenyewe, kabla, waziwazi, akiwa ameelewa na akiwa huru, na kwamba walezi wenyewe wasijigeuze wanasaikolojia. Sheria ya Kanisa nayo, katika kanuni ya 220, inalinda jina jema la mtu na faragha yake. "Kwa hiyo nenda," akasema. "Kinachoweza kukukwamisha ni kidonda unachokificha."

Hofu ya pili ilikuwa watu. Kwetu huku ukitaja akili, watu wanataja Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma imewahudumia wagonjwa tangu enzi za Mwingereza, lakini jina lake tumeligeuza tusi la mtaani. Nilipomdokezea mama kwenye simu, alinyamaza, kisha akauliza polepole, "Mwanangu, ndiyo kusema umechanganyikiwa?" Sikumlaumu. Alikuwa amezika mtoto mmoja, sasa anasikia habari hizi za mwingine.

Hofu ya tatu ilikuwa imani. Niliona ni aibu mtu anayejiandaa kuwafariji wengine kwa neno la Mungu aende kutafuta faraja kwa mtu mwenye diploma ukutani. Hofu hii ilipungua nilipojua kwamba hata Papa Fransisko, katika kitabu cha mahojiano na Mfaransa Dominique Wolton kilichotoka mwaka 2017, alisimulia kwamba akiwa na umri wa miaka 42 alimwendea mtaalamu wa saikolojia kila wiki kwa muda wa miezi sita, mama mmoja Myahudi, na alimshukuru. Nikasema, kama yeye alikwenda, mimi ni nani.

Siku ya kwanza

Nilichagua siku ya kazi, saa nne asubuhi, nikavaa shati la kawaida. Nilishuka bajaji mbali kidogo na ofisi ili nisionekane naingia, nikatembea upepo wa Singida ukinipiga vumbi usoni. Mapokezi kulikuwa na dada mmoja na wateja wawili, kila mmoja akitazama simu yake. Hakuna aliyenitazama. Hili nalisema kwa sababu nilikuwa nimelipoteza usingizi bure.

Kwanza nilijaza karatasi: jina, umri, namba ya simu, mtu wa kumjulisha kukiwa na dharura, magonjwa niliyonayo, dawa ninazotumia. Kisha nikaingia. Chumba kilikuwa na viti viwili, meza ndogo, jagi la maji na boksi la tishu. Hakuna kitanda cha kulala kama kwenye filamu. Mwanasaikolojia alikuwa mama wa makamo mwenye hijabu. Nikajiuliza moyoni, huyu atajua nini kuhusu seminari?

"Karibu. Nikuite nani?"

"Watu wengi huniita Frateri."

"Sawa. Na mama yako anakuita nani?"

Nikamtajia jina langu. Tangu nivae kanzu, hata nyumbani walikuwa wameacha kulitumia. Alilirudia taratibu, akaendelea kunihutubia kwa jina hilo mpaka siku ya mwisho. Sijui kama alikusudia, lakini nilihisi kitu kimelegea kifuani.

Kabla ya kuuliza chochote alinieleza utaratibu. Tutakaa dakika hamsini. Nitakayosema ni siri, lakini siri hiyo ina mipaka: kama maisha yangu yako hatarini, kama maisha ya mtu mwingine yako hatarini, kama kuna mtoto anayeumizwa, au kama mahakama itaagiza. Aliniambia hayo mapema ili nichague la kusema nikijua. Akaeleza pia kwamba yeye hatoi dawa. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye anayeandika dawa, na kama ataona nahitaji, atanielekeza kwake. Akauliza kama nakubali kuendelea, nikasaini.

Maswali yaliyofuata yalikuwa ya kawaida kuliko nilivyotazamia. Unalala saa ngapi? Unaamka saa ngapi? Unakula? Unakunywa pombe? Umepungua uzito? Nyumbani mlizaliwa wangapi? Halafu, kwa sauti ileile, akauliza: "Umewahi kufikiria kujiua?"

Nilishtuka. Nilitaka kusema hapana haraka, kama mtu anayefuta meza. Lakini alikuwa ananitazama bila kuogopa jibu, nikasema kweli: "Sijapanga kujiua. Ila kuna usiku nimetamani nisiamke." Hakuruka, hakunihubiria. Akauliza mara ngapi, lini mara ya mwisho, na kama kuna mtu ninayeweza kumwambia usiku kama huo. Tukakubaliana kwamba mtu huyo ni Baba Paroko, na kwamba nitamgongea mlango hata kama ni saa kumi.

Ndugu msomaji, hapa nasimama kidogo. Mtu akikuambia neno kama nililosema mimi, usimkemee wala usimwambie ni dhambi kuwaza hivyo. Mwulize, msikilize, usimwache peke yake, na kama hatari iko karibu mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, na maradhi mengine hufichwa kwa tabasamu.

Ambayo sikuyatarajia

Nilikwenda nikidhani nitapewa ushauri. Kwetu mtu wa ushauri ni yule anayezungumza. Kumbe yeye alizungumza kidogo sana. Nilipomaliza sentensi, alikaa kimya, na kimya kile kilinilazimisha kusema sentensi niliyokuwa nimeificha nyuma ya ile ya kwanza. Mara mbili nilimwuliza, "Kwa hiyo nifanye nini?" Alinijibu kwa swali. Nilikasirika. Nikiwa kwenye bajaji ya kurudi nilihesabu nauli na ada ya siku ile nikajiona nimelipia kunyamaziwa. Ada hiyo, hata hivyo, haikufika nauli ya basi ya kwenda Dodoma na kurudi, na tuliipatana mapema.

Sikutarajia pia kwamba baada ya siku ya pili ningejisikia vibaya zaidi. Usiku ule sikulala kabisa. Nilitaka kuacha. Yeye alikuwa amenitahadharisha kwamba huenda ikawa hivyo, kwamba jipu likitumbuliwa huuma kabla ya kupoa. Wengi, nadhani, huachia hapo.

Nilipewa pia kazi za nyumbani, mimi niliyedhani nimeacha madaftari seminarini. Kuandika saa ninazolala na kuamka. Kuacha simu nje ya chumba. Kutembea jioni, nikawa nakwenda hadi ufukwe wa Ziwa Singidani, nakaa juu ya jiwe mpaka jua linapozama. Mambo madogo. Lakini wiki ya nne nililala mpaka saa kumi na moja na nusu, nikachelewa masifu, na Baba Paroko hakusema kitu. Alitabasamu tu.

Na hakugusa imani yangu. Hakuniambia nipunguze sala wala niongeze. Siku moja nilimwuliza kama haoni tabu kumsikiliza Mkristo akisema habari za Misa na rozari. Akasema: "Unaponiambia unasali, nataka kujua unapata nini ukisali. Hilo halina dini."

Kitubio na kiti kile

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Tangu msiba nilikuwa naungama kila wiki, na kila wiki nilisema jambo lilelile: nimesababisha kifo cha mdogo wangu. Mapadre watatu tofauti waliniambia hiyo si dhambi yangu. Nilipokea maondoleo, nikatoka, na kabla ya kufika bwenini mzigo ulikuwa umerudi begani. Nikaanza kuona sakramenti haifanyi kazi kwangu, na hilo liliniogopesha kuliko kukosa usingizi.

Siku ya tano mwanasaikolojia aliniuliza: "Kama ungeipokea simu ile, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia sina fedha."

"Ulikuwa huna?"

Ukapita muda mrefu sana. Nilisikia honi za bodaboda nje. Nikasema, "Nilikuwa nazo." Halafu, bila kuulizwa, yakatoka mengine. Kwamba nilikuwa nimeanza kumwonea aibu. Kwamba aliwahi kunifuata parokiani na pikipiki yake na viatu vya matope, nikamzungumzisha getini badala ya kumkaribisha ndani, kwa sababu kulikuwa na wageni. Kwamba nilijiona nimepanda yeye amebaki. Nililia pale kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nililia vibaya, kwa sauti, kama mtoto, na yeye alisogeza boksi la tishu akakaa.

Hakuniambia, "Si kosa lako." Kila mtu alikuwa ameniambia hivyo na haikusaidia, maana ndani nilijua kuna kosa. Alichonisaidia ni kutenganisha. Lori halikuwa langu. Giza la barabara halikuwa langu. Getini palikuwa pangu.

Jumamosi ile nilikwenda kuungama. Kwa mara ya kwanza sikuungama kifo. Niliungama kiburi, na kwamba nilimwonea aibu mtoto wa mama yangu. Padre alinipa malipizi mafupi sana. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nyuma, na nilipoinuka mzigo haukunifuata.

Tangu hapo nimeacha kuona viti hivi viwili kama washindani. Kwa mwanasaikolojia hakuna maondoleo, na yeye mwenyewe hajidai kuyatoa. Siri yake ni ya taaluma na ina mipaka. Siri ya kitubio haina mpaka wowote, na kanuni ya 983 inamkataza muungamishi kuivunja kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote. Kwa upande mwingine, muungamishi mwenye foleni ya watu thelathini hana dakika hamsini za kukaa nami kimya mpaka nifike getini. Mimi nilihitaji kiti kimoja ili nijue la kusema kwenye kingine. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuambia tumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na papo hapo anatuhimiza kusali tunapougua. Hakuona mgongano.

Kwa anayetaka kwenda

Ukiniuliza ujiandaeje, nitakuambia machache. Uliza sifa za huyo unayemwendea: amesomea wapi, amefanya kazi hii kwa muda gani. Si kila anayejiita mshauri amesomea. Kama baada ya siku mbili tatu huwezi kabisa kufunguka kwake, una haki ya kutafuta mwingine, na mtaalamu wa kweli hatakasirika. Kama hujui pa kuanzia, nenda hospitali ukaulizie huduma ya afya ya akili au ustawi wa jamii, watakuelekeza. Uliza gharama kabla. Usitegemee kupona kwa siku moja. Mimi nilikwenda mara tisa, kwanza kila wiki, kisha kila baada ya wiki mbili. Na usiende ili kumridhisha mlezi, mke au mume. Ukienda kwa ajili ya mtu mwingine, utakaa dakika hamsini ukilinda siri zako.

Wazazi na wanajumuiya, nawaomba jambo moja. Mtu wenu akifiwa, msiwahi kumwambia ajikaze. Na akiwa ni padre, sista au frateri, mpeni nafasi ya kuwa ndugu wa marehemu kwanza. Ibada ataongoza mwingine.

Siku ya tisa mwanasaikolojia aliniuliza nimebakiza nini. Nikamwambia habari za mtoto wa chetezo. Hakunishauri, kama kawaida yake. Akauliza tu, "Anakaa mbali?"

Hakai mbali. Nilikwenda kwao siku ileile, nikamkuta anachunga kuku wa bibi yake wasiingie kwenye alizeti zilizoanikwa. Aliponiona akasimama wima kama askari. Nikachuchumaa, nikamwomba msamaha mbele ya bibi yake. Hakujibu kitu. Bibi alicheka kidogo, akasema, "Haya, mwambie Frateri umemsamehe."

Mtoto akanitazama. "Wewe jina lako halisi ni nani?"

Nikamwambia.

Dominika iliyofuata alikuja sakristia mapema, akachukua kanzu yake, akaniuliza kama makaa yameshawashwa.